Valvu za upepo kwenye choo cha basi kinachozungusha maji: kufunga, kupima na kutafuta hitilafu

Kabla ya kununua hata kipande kimoja cha bomba, jibu swali moja kwa kila valvu utakayofunga: upepo ukiisha, itabaki wapi? Basi huegeshwa usiku kucha, kompresa huharibika, bomba hupasuka njiani. Valvu ya kumwagia maji taka ikijifungua wakati huo, kilichomo kwenye tangi kinamwagika barabarani. Ulimi wa bakuli, yaani kifuniko kilicho chini yake, ukibaki wazi, harufu inajaa ndani ya basi. Na upepo wa choo ukichukuliwa mahali pasipofaa, breki zenyewe zinapungukiwa. Mengi yaliyo katika mwongozo huu yanatokana na swali hilo.

Mfano tunaoutumia ni basi la masafa marefu lenye breki za upepo na umeme wa volti 24, tangi la choo la lita 80, na bomba la kumwagia la inchi 3. Tangi lako likiwa tofauti, badilisha vipimo lakini usibadilishe mpangilio.

Kinavyofanya kazi

Choo hiki hakitumii maji mapya kila mtu anapoingia. Tangi hupakiwa lita 15 za maji zilizochanganywa na dawa ya buluu. Abiria akibonyeza kitufe, sehemu ya maji hayo hupita kwenye chujio, husukumwa juu hadi ukingo wa bakuli, huosha, kisha hurudi tangini. Kila mtumiaji huongeza takriban lita 0.3 hadi 0.4, pamoja na karatasi. Ukiacha nafasi ya lita 15 juu ili maji yasichupe basi linapopita kwenye matuta, una lita 50 za kutumia, yaani watu 125 au zaidi kidogo. Kwa basi lililojaa linalotoka Dar es Salaam kwenda Mbeya, nafasi hiyo inatosha bila kumwaga njiani.

Upepo hufanya kazi tatu: kufungua ulimi ulio chini ya bakuli, kusukuma maji, na kuvuta kisu cha valvu ya kumwagia. Kila kazi inahitaji presha yake. Kosa tunalolikuta mara nyingi ni fundi kupeleka presha moja kila mahali.

Upepo uchukuliwe wapi

Usikate bomba la tangi la breki na kuweka tii (kiungo cha njia tatu). Tafuta valvu ya kinga ya njia nne, ile inayogawa upepo baada ya kompresa na kikaushio. Matundu yake huandikwa 21, 22, 23 na 24. 21 na 22 ni za breki za mbele na nyuma, 23 ni ya breki ya kuegesha au tela, na 24 ni ya vifaa vya ziada kama milango. Choo kinaungwa kwenye 24 tu. Mzunguko huo ukipasuka, valvu ya kinga inajifunga na breki zinabaki na upepo wake.

Kutoka 24, fuata mpangilio huu: koki ya mkono, chujio chenye kikombe cha kutolea maji, valvu ya upande mmoja, tangi dogo la upepo la lita 5, ndipo virekebisha presha. Valvu ya upande mmoja ikae kabla ya tangi dogo, si baada yake. Hapo basi likipoteza upepo usiku, choo kinabaki na akiba yake, na unyevu wa choo hauwezi kurudi kwenye mfumo wa gari. Tangi la lita 5 likiwa na bar 7 (bar ni kipimo cha presha) hutoa lita 15 za upepo, zikipimwa kwa presha ya kawaida ya hewa, kabla ya kushuka hadi bar 4. Kufungua na kufunga kisu mara moja kunatumia takriban lita 0.9, kwa hiyo akiba hiyo inatosha mara kumi na sita hivi.

Tumia bomba la plastiki gumu la breki, kipenyo cha nje milimita 8 na cha ndani 6. Likate kwa kisu cha bomba ili mdomo uwe mraba. Ukilikata kwa koleo linabonyea, oringi (pete ya mpira) ndani ya kiungo inachubuka, na uvujaji unaanza baada ya wiki mbili ukiwa umeshasahau kazi hiyo. Weka alama kwa kalamu milimita 20 kutoka mwisho. Ukisukuma bomba ndani na alama bado inaonekana mbali na kiungo, halijafika. Lishike kwa klipu kila sentimita 40 hadi 50, mbali na ekzosi.

Karibu na tangi la choo usitumie viungo vya shaba nyeupe visivyopakwa kitu. Mkojo hutoa amonia, na amonia huipasua shaba nyeupe iliyo kwenye mkazo. Ufa unakuwa mwembamba kama unywele, hauonekani mpaka upake sabuni. Chukua viungo vya plastiki ngumu, vya chuma kisichoshika kutu, au angalau vilivyopakwa nikeli.

Kisu cha kumwagia

Valvu ya kisu ni bamba linaloteleza kati ya mipira miwili. Watu huogopa uzito wa maji, lakini maji ya kina cha sentimita 50 juu ya tundu la milimita 75 husukuma kwa nyutoni 22 tu, kidogo zaidi ya uzito wa kilo mbili. Kinachoshinda silinda ni mpira mkavu na magamba ya mkojo.

Silinda ya milimita 32 kwa presha ya bar 5 hutoa nyutoni 400 ikisukuma, na 345 hivi ikivuta, maana fimbo ya milimita 12 inachukua sehemu ya eneo la pistoni. Ipange hivi: kusukuma kufunge, kuvuta kufungue. Nguvu kubwa iwe upande wa usalama. Kabla ya kuunga silinda, vuta kisu kwa mizani ya kuning'iniza. Kikihitaji zaidi ya kilo 20, kisafishe au badilisha mpira. Usipandishe presha ili kukilazimisha, kwa sababu kisu kilichokwama kikiachia ghafla kinapinda fimbo na kumwaga kila kitu miguuni mwa anayemwaga.

Valvu ya kuongozea iwe ya matundu matano na nafasi mbili, yenye koili moja (sumaku ya umeme inayoisogeza) na springi ya kurudisha. Matundu yake yana namba. Ikiwa haina umeme, upepo unatoka tundu la 1, la kuingilia, kwenda la 2. Kwa hiyo la 2 liungwe nyuma ya silinda, upande wa kufunga. La 4 liungwe upande wa fimbo. Kwa mpangilio huu umeme ukikatika, upepo unakiweka kisu kimefungwa. Ukichanganya bomba hizi mbili, choo kitafanya kazi vizuri gereji ukikijaribu kwa swichi iliyogeuzwa, kisha kitajimwaga siku fyuzi itakapokatika.

Na upepo ukiisha kabisa? Hapo kisu kinabaki kwa msuguano tu, na mtikisiko wa barabara mbovu unaweza kukisogeza. Kwa hiyo baada ya kisu weka kifuniko cha kukaza kwa mkono chenye mpira, kilichofungwa kwa mnyororo ili kisipotee. Kifuniko hicho si cha hiari.

Umeme wa koili usitoke moja kwa moja kwenye swichi ya dereva. Upitishe kwenye swichi ya ufunguo iliyo ndani ya kijimlango cha nje karibu na bomba la kumwagia, kisha kwenye rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) inayopata umeme kutoka taa ya breki ya kuegesha. Basi lisipokuwa limeegeshwa, kisu hakifunguki. Chukua ishara hiyo kwenye waya. Usitoboe bomba la upepo la breki ya kuegesha kwa sababu yoyote. Fyuzi ya ampea 3 inatosha.

Mwendo wa kisu urekebishwe kwa skrubu za kubana upepo unaotoka, si unaoingia. Ukibana unaoingia, silinda inakwenda kwa kushtuka: inasimama, inaruka, inasimama. Sekunde 2 hadi 3 kufungua ni mwendo mzuri.

Ulimi wa bakuli

Silinda ndogo ya milimita 20, mwendo wa milimita 50, yenye springi ndani yake. Upepo ufungue, springi ifunge. Usitumie silinda ya upepo pande zote mbili hapa, hata ikiwa rahisi kupatikana. Mtoto anaweza kuingiza mkono kwenye bakuli, na kinachofunga ulimi lazima kiwe dhaifu kiasi cha kusimamishwa kwa kidole cha mtu mzima. Kwa bar 5 silinda hii hutoa nyutoni 157, ambazo ni nyingi mno. Weka kirekebishi chake peke yake kwenye bar 3. Kwenye tundu la kutolea upepo weka skrubu ya kubana, uuache ulimi ujifunge taratibu kwa muda wa sekunde moja.

Mpira wa ulimi uangaliwe kwa tochi. Weka kikombe cha maji juu yake ukiwa umefungwa: maji yakae dakika kumi bila kupungua. Maji hayo ndiyo yanayozuia harufu, kuliko mpira wenyewe.

Chupa ya kusukumia maji

Hapa ndipo watu hupotea zaidi. Badala ya pampu ya umeme, kuna chupa ya lita 1.5 iliyowekwa chini ya usawa wa maji tangini. Maji hupita kwenye chujio na kuijaza yenyewe kwa uzito wake. Ukibonyeza kitufe, upepo unaingia juu ya chupa, valvu ya mpira ya mlango wa kuingilia inajifunga, na maji yanapanda kwa bomba la milimita 25 hadi ukingo wa bakuli.

Kimo cha kupanda ni kama sentimita 60, yaani bar 0.06 tu. Presha ya bar 0.6 inatosha kabisa kutoa lita 0.4 kwa sekunde. Kwa hiyo kirekebishi hiki ni cha presha ndogo, chenye geji inayosomeka kuanzia 0 hadi bar 2 au 4. Geji ya bar 10 haifai, huwezi kuona tofauti ya 0.5 na 0.8 juu yake. Weka pia valvu ya usalama ya bar 1 juu ya chupa. Kirekebishi kikiharibika na bar 7 ikaingia kwenye chupa ya plastiki, chupa inapasuka ikiwa na maji taka ndani.

Valvu ya kuongozea chupa ni ya matundu matatu, nafasi mbili. Ikizimwa, lazima itoe upepo wa chupa nje, la sivyo maji hayataingia tena. Kutokana na hilo usiweke valvu ya upande mmoja kati yake na chupa: upepo utanaswa ndani, na kubonyeza mara ya pili hakutatoa kitu. Ulinzi wa gari tayari umewekwa kabla ya tangi dogo. Kinachozuia maji kupanda hadi kwenye valvu ni tao la bomba. Liinue bomba la upepo sentimita 30 juu ya usawa wa juu kabisa wa tangi kabla ya kulishusha kwenye valvu. Maji ndani ya bomba hilo hayapandi kuzidi maji ya tangi. Hizo sentimita 30 ni za mtikisiko.

Upepo unaotoka hapo unanuka. Upeleke nje chini ya basi kwa bomba lake. Kila tukiona choo cha upepo kinacholalamikiwa harufu ilhali ulimi ni mzima, tunaanza na tundu hilo: mara nyingi linapumulia ndani ya chumba cha choo.

Muda upangwe kwa rilei mbili za muda. Kitufe kikibonyezwa, ulimi unapata upepo kwa sekunde 2. Nusu sekunde baada ya kubonyeza, chupa inapata upepo kwa sekunde 3. Ulimi unaanza kufunga kwenye sekunde ya 2 na kumaliza ya 3, huku maji yakiendelea nusu sekunde zaidi. Hayo ndiyo yanayobaki juu ya ulimi. Zuia kubonyeza tena kwa sekunde 10 ili chupa ijae. Kwa jumla lita 1.2 zinatoka, chupa haimaliziki. Ikimalizika, upepo unafuata maji hadi bakulini na kurusha matone ya maji machafu kwa aliyesimama hapo. Muda ukizidi sekunde 3.5, punguza; usijaribu kupata uoshaji mkali kwa njia hiyo.

Tangi lenyewe lipumue kwa bomba la milimita 40 linalotoka nje, mdomo wake umekatwa mshazari na kuelekea nyuma ya basi. Ukielekea mbele, mwendo wa gari unaingiza hewa tangini na kuipandisha bakulini kila ulimi unapofunguka.

Jaribio kabla ya kuweka maji taka

1. Jaza upepo hadi kompresa ikate. Zima injini, soma geji za breki, subiri dakika 10. Paka maji ya sabuni kila kiungo.
2. Ukiwa umevaa miwani, gari likiwa limezuiwa kwa vigingi, fungua taratibu bomba la 24 baada ya koki, uige bomba lililopasuka. Geji za breki zinaweza kushuka kidogo, kisha lazima zisimame juu ya kiwango cha onyo. Zikiendelea kushuka, gari lisitoke. Valvu ya kinga ni mbovu au umeunga pasipofaa.
3. Rudisha upepo. Weka lita 40 za maji safi tangini. Ondoa fyuzi ya choo: kisu kibaki kimefungwa. Funga koki na utoe upepo wa tangi dogo: ulimi ujifunge, kisu kisitone kifuniko kikiwa kimeondolewa.
4. Rudisha fyuzi na upepo. Achia breki ya kuegesha, vigingi vikiwepo, na ugeuze ufunguo wa kumwagia. Kisu kisisogee.
5. Bonyeza kitufe mara 20 kwa kuachana sekunde 15, kisha angalia tao la bomba. Ukiona maji ya buluu kwenye upande unaoshuka, tao ni fupi.

Kikiharibika

Mlio wa fsss usioisha kwenye valvu ya kisu unaweza kutoka mahali pawili. Kisu kikiwa kimefungwa, upepo unavuja kwenye tundu la 5, la kutolea upepo. Chomoa bomba la upande wa fimbo pale kwenye silinda. Upepo ukitoka kwenye silinda, mpira wa pistoni umeisha. Silinda ikiwa kimya na valvu bado inalia, badilisha valvu. Kipimo hiki kinachukua dakika mbili na kinaokoa kununua silinda isiyo na kosa.

Maji yakitoka kwa unyonge na tangi likibubujika, karatasi imekaa kwenye valvu ya mpira ya kuingilia chupa. Upepo unarudi tangini badala ya kusukuma. Maji yakitoka vizuri mara ya kwanza na mara ya pili upepo mtupu, chujio limeziba au tundu la kutolea upepo limebanwa na matope. Anza na matope, ndiyo rahisi.

Tazama pia kilicho ndani ya kikombe cha chujio cha upepo. Maji meupe kama maziwa ni mafuta ya kompresa yaliyochanganyika na unyevu: kikaushio kimechoka na kompresa inapitisha mafuta. Mafuta hayo huvimbisha mipira ya EPDM (aina ya mpira wa kutengenezwa kiwandani) mpaka valvu inakwama. Kwa upande wa upepo tumia mipira ya nitrili. Kwa upande wa maji EPDM inafaa, lakini ipake grisi ya silikoni tu. Vaselini na grisi ya beringi zinaiharibu kama mafuta yanavyoiharibu.

Kisu kizito asubuhi na chepesi baada ya kumwaga mara mbili kina magamba ya mkojo. Pwani, ambako matangi mengi hujazwa maji ya kisima yenye chumvi, magamba huja haraka zaidi. Mwaga tangi, suuza, weka lita 20 za maji zenye gramu 50 za asidi ya ndimu kwa kila lita, acha saa mbili, kisha fungua na kufunga kisu mara kumi. Usitumie dawa ya klorini ndani ya choo hiki. Ikikutana na mkojo au asidi hutoa gesi inayoumiza mapafu, na inakula mipira na chuma pia.

Kabla ya kufungua kiungo chochote, funga koki, toa upepo wa tangi dogo mpaka geji isome sifuri, na uondoe fyuzi. Vaa glavu ndefu na miwani. Kumwaga kufanywe kwenye shimo la gereji au kituo lililounganishwa na mfumo wa maji taka. Sheria ya mazingira ya Tanzania ya 2004 na ya Kenya ya 1999 zote haziruhusu kumwaga ovyo, na wanaoishi kando ya barabara wana haki ya kutomwagiwa.

Kila siku: toa maji kwenye kikombe cha chujio cha upepo, angalia kifuniko cha kumwagia. Kila wiki: osha chujio la maji, pima kikombe cha maji juu ya ulimi. Kila miezi mitatu: grisi ya silikoni kwenye kisu, na urudie jaribio la 3 na la 4. Mpira wa kuingilia chupa ubadilishwe kila mwaka hata ukionekana mzima. Ni kipande cha bei ndogo, na kukibadilisha gari likiwa njiani na tangi limejaa ni kazi ambayo fundi hapaswi kupewa.